Dada Yangu Ndani ya Nyumba ya Mkomani

Injini ya motaboti ilipozimwa mbele ya gati la Lamu, dada yangu Roselyn alinishika mkono. Hapo nikajua kwamba mambo ni makubwa. Dada yangu hakuwa amenigusa kwa hiari yake tangu siku nilipomtilia chura ndani ya mkoba wa kwendea kanisani, na hiyo ilikuwa miaka minne nyuma.

"Phineas," aliniambia, "ukifanya mzaha wowote hapa nitakutupa baharini."

Nilimwahidi kwa uso wa mzee wa kanisa. Ilikuwa Agosti ya mwaka wa sitini na mbili. Nilikuwa na miaka kumi na saba, nimevaa kaptula ya kaki ya shule ya bweni na koti la marehemu baba lililonifika magotini, na kazi yangu katika safari ile ilikuwa moja tu: kuwa jamaa ya dada yangu. Mama yetu alikataa katakata kuja. Alisema hakijui kisiwa, na hamjui huyo Shekhan ambaye binti yake alikutana naye Mombasa wanakofundisha shule moja. Msichana hawezi kwenda peke yake kutazamwa na mama wa mchumba, basi nikatolewa mimi, kama shati lililobaki kwenye kamba baada ya mengine yote kuvaliwa.

Tangu tulipopanda motaboti Mokowe, upande wa bara, Roselyn alikuwa amenieleza mara tatu, kana kwamba ni mimi nitakayetahiniwa. Shekhan anampenda. Lakini Shekhan ni mwana wa pekee wa kiume, baba yake amefariki, na alikwisha kumwambia wazi kwamba mama yake akisema hapana, yeye hatamvunja moyo mama yake. "Kwa hiyo ni leo," alisema dada yangu, akiyatazama maji. "Akinikataa, kesho tunapanda motaboti hii hii, na Shekhan simwoni tena maishani."

Sikupata la kuchekesha. Hilo lilinitia hofu kuliko maneno yenyewe.

Shekhan alikuwa gatini. Nilikuwa nimemwona mara moja kabla ya hapo, sikukuu ya Pasaka, Mombasa: kijana mrefu mwenye shati jeupe, anayecheka mpaka mabega yakatikisika, aliyekula mahindi ya kuchoma na dada yangu wakitembea barabarani, kisha akamfuta kidevu kwa leso yake mbele ya watu wote wa Mwembe Tayari. Huyu wa Lamu alivaa kanzu na kofia, na uso wake ulikuwa umefungwa kama duka siku ya Ijumaa. Alinipa mikono miwili, akaniuliza habari za safari, za mama, za masomo, za mvua huko bara. Alipomaliza habari zote zilizopo duniani, aliyageukia mawe ya gati akayaambia, "Bi Roselyn, karibu Lamu."

Kisha akatangulia mbele yetu, hatua ishirini, wala hakugeuka.

"Amebadilika," Roselyn alininong'oneza.

"Labda ana pacha."

Hakucheka. Vidole vyake vilikuwa baridi ndani ya mkono wangu, na jua lile lingeweza kukaanga yai.

Tuliingia mjini. Nataka niwe mkweli: mimi nimelala bwenini na wavulana themanini, nimeficha kengele ya shule kwa siku mbili, nimesimama mbele ya mwalimu mkuu nikaapa kwamba imeibwa na fisi. Sikuwahi kuogopa mahali. Mtaa ule wa Mkomani niliuogopa. Njia zilikuwa nyembamba kiasi kwamba tulipokutana na punda aliyebeba mawe ilibidi tujibanze ukutani tumwachie apite, naye alitutazama kama aliyekuwa na haki zaidi. Kuta zilipanda juu bila madirisha upande wa njia. Juu ya vichwa vyetu nyumba ziliungana na nyumba za ng'ambo kwa vyumba vilivyojengwa kama daraja, na chini yake palikuwa giza saa nne ya asubuhi. Hapakuwa na gari hata moja, wala baiskeli. Nilisikia viatu vyangu mwenyewe, na mahali fulani ndani ya kuta nilisikia wanawake wakicheka. Tulipofika pale kicheko kikakatika. Walikuwa wanatuona, sisi hatuwaoni.

Wanawake wawili wenye buibui walitupita. Mmoja aligeuka akamtazama Roselyn kuanzia nywele mpaka viatu. Dada yangu alikuwa amevaa gauni lake la manjano, la mikono mifupi, ambalo kule Mombasa lilimfanya aonekane kama ua. Pale Mkomani lilimfanya aonekane kama kosa.

Nyumba ya kina Shekhan ilikuwa na mlango wa kuchongwa, na mbele yake kibaraza chenye mabenchi ya mawe pande mbili, ambacho wao hukiita daka. Shekhan alibisha hodi. Mlango ukafunguka nusu, mkono wenye bangili ukatoka, ukamshika dada yangu kwenye kiwiko, ukamvuta ndani kwa upole. Mlango ukafungwa. Alikuwa hapo, na sasa hayupo. Hata kuaga hakuniaga.

"Wewe utakaa hapa dakani, Phineas," Shekhan aliniambia. "Mwanamume mgeni haingii mpaka wanawake wajiweke sawa."

Nilimuuliza itachukua muda gani. Aliutazama mlango, na kwa nukta moja ule uso uliofungwa ukafunguka, nikamwona yule wa mahindi ya kuchoma. Naye alikuwa anaogopa. "Siyui," alisema, kwa Kiamu chao. "Mimi pia sina ruhusa ya kuingia leo. Mama ataka kuzungumza naye peke yake."

Nikaletewa kahawa, halwa, mkate wa mofa na samaki wa kukaanga, vyote kupitia upenyo wa mlango, na kila sahani ilikuja na sauti ya mwanamke isiyokuwa na mwili. Adhuhuri ikaadhiniwa. Shekhan akaenda msikitini, nikabaki peke yangu na ule mlango.

Kila mtu aliyepita alinisalimu. Hiyo ndiyo adabu ya mji ule: mtu aliyekaa dakani ni mgeni wa nyumba, na mgeni hapitwi kimya. "Asalaam aleikum," wakasema mmoja mmoja. Wa kwanza niliwajibu vizuri kama nilivyofundishwa na dada yangu. Ilipofika saa saba, kwa kuchoka na kwa woga, nilianza kujibu kwa Kilatini, ile sala ya chakula tuliyokuwa tukiisoma bwenini, nikiitamka kwa uso wa huzuni na kuinamisha kichwa. Watu wanne walipita wameridhika. Wa tano akasimama.

Alikuwa mzee mnene mwenye bakora na miwani iliyofungwa kwa uzi. Aliniuliza ile ni lugha gani. Nikamwambia. Akauliza maana yake, nikamwambia kwamba tunamshukuru Mungu kwa maharagwe. Akaketi benchi la mkabala, taratibu, kama mtu aliyekuta kitu alichokuwa akikitafuta kwa muda mrefu.

"Mimi ni Mselem," alisema. "Ami yake Shekhan. Na wewe ndiwe mwana wa bara. Dada yako u ndani?"

"Tangu saa nne, Bwana."

"Tangu saa nne." Alitikisa kichwa. "Mwaka juzi aliingia mlango huu msichana wa Kiunga. Watu wake wakangoja hapo hapo ulipoketi. Wakangoja, wakangoja. Mwisho wakenda zao."

"Alitoka lini?"

Bwana Mselem aliifuta miwani yake kwa ncha ya kanzu. "Hayatoka," alisema. Hajatoka mpaka leo.

Ningepaswa kumtambua. Mtu wa mizaha humjua mwenzake hata gizani. Lakini hofu ilikuwa imeninyang'anya akili zote, na huku nikimtazama, mlango ulifunguka, mwanamke mwenye buibui akatoka akavuka njia kuingia nyumba ya pili. Mikononi alikuwa amebeba gauni la manjano, limelowa, linadondosha maji. Juu yake vilikuwa vimewekwa viatu vya dada yangu.

Gauni lilitoka. Dada hakutoka.

Kisha nikaona moshi. Ulipenya chini ya mlango, mwembamba, wa samawati, wenye harufu nzito tamu ambayo sijawahi kuinusa kanisani wala jikoni. Nilimuuliza Bwana Mselem wanachoma nini. Alisema kwa utulivu kabisa kwamba wakati mwingine huchoma, wakati mwingine huchemsha.

Na hapo ndipo nilipomsikia. Sauti ilitoka ndani kabisa, nyuma ya kuta zote zile, lakini sauti ya dada yangu ningeijua chini ya maji. "Nakuomba," alisema. "Nakuomba, usinifanyie hivi." Kisha akalia.

Sikumbuki kusimama. Nakumbuka bakora ya Bwana Mselem ikinitafuta mguuni, na yeye akiniita nirudi, "We mtoto, ndoo hapa, nalikuwa nafanya mzaha." Nilikuwa nimekwisha kuusukuma mlango. Ndani palikuwa na ukumbi mfupi uliokatwa kona, kwa makusudi, ili aliye nje asione, nikaigonga ile kona kwa bega, nikaizunguka, nikatokea uani kwenye mwanga mkali.

Walikuwa wanawake wanne, na hakuna aliyekuwa amejifunika. Nywele zilikuwa wazi, mabega wazi, leso zimefungwa kwa starehe ya nyumbani. Mmoja alipiga ukelele akaangusha bakuli la asumini. Mwingine alijifunika kichwa kwa jamvi. Katikati yao, kwenye kiti cha chini, alikaa dada yangu, ameogeshwa, amevalishwa leso mpya, nusu ya nywele zake zimesukwa na nusu zimesimama, na kando yake chetezo cha udi kinafuka moshi ule ule. Hakuna aliyemchoma. Hakuna aliyemchemsha. Walikuwa wanamrembesha kama malkia. Lakini machozi yalikuwa yanamtiririka mpaka kidevuni.

"Phineas," alisema. "Umefanya nini?"

Nilisema nimekuja kumchukua. Sauti yangu ilianza ya mwanamume ikaisha ya kuku.

Mwanamke mmoja hakukimbia wala hakupiga kelele. Alivuta leso yake juu ya kichwa bila haraka, akasimama. Alikuwa mdogo wa umbo, mwenye macho ya Shekhan. Huyu alikuwa Bi Mwanamkisi.

"Nani huyu?"

"Mdogo wangu, Bi," Roselyn alijibu. "Msamehe. Hajui."

Bi Mwanamkisi alinitazama, nami nikatambua kwamba mwalimu mkuu wetu, aliyeogopwa na wavulana mia tatu, alikuwa mtu mpole sana. Nilimuuliza, kwa kuwa ulimi wangu hunitangulia siku zote, kwa nini amemliza dada yangu.

"Sikumliza. Nimemkirimu. Nimemwosha vumbi la ndia, nimemfulia gauni, nimemlisha, nimemfukiza udi kama binti yangu Alawiya. Sina neno baya juu yake. Nimemwambia kweli tu, kwamba mwanangu simpi." Aliyasema hayo kwa sauti ya mtu anayempimia mgeni sukari. "Baba yake amekufa. Mama hakutaka kuya. Hakuna mjomba, hakuna shangazi. Mtoto wa watu ametumwa muyi wa watu, kisiwa asichokijua, kama barua. Siku mwanangu akimkosea, atakwenda kumlilia nani? Siku yeye akitukosea, mimi nitamwendea nani? Watu wake wako wapi?"

Asumini ilikuwa imetapakaa sakafuni mpaka miguuni pangu.

"Watu wake ni mimi," nilisema.

Msichana mmoja, ambaye baadaye nilijua ndiye Alawiya, dada yake Shekhan, alicheka chini ya leso. Mama yake hakucheka. Nyuma yangu nilisikia bakora ikigonga ukuta wa ukumbi, na Bwana Mselem akiita bila kutokeza, akitaka kujua kama kuna aliyekufa. Na nyuma ya bakora, miguu inayokimbia.

Shekhan aliingia kofia mkononi. Aliwaona wanawake wawili, wageni wa mama yake, wakiwa wamejibanza pembeni, akamwona mama yake, akaniona mimi. Kisha akamtazama Roselyn. Hakuyatazama mawe. Alimtazama usoni, mbele ya mama yake na wageni wake, akaziona nywele zile zilizosimama upande mmoja na yale machozi. Dada yangu naye alimtazama, akasahau kujifuta.

Bi Tima, jirani yao mtu mzima, ndiye aliyetangulia kusema. Kutoka nyuma ya jamvi alisema kwamba mwanamume kafiri ameingia nyumba ya heshima akawaona wake za watu vichwa wazi, na kwamba kabla ya alasiri Mkomani yote itajua, na alitamka hayo kama mtu ambaye yeye mwenyewe ndiye atakayehakikisha. Bi Mwanamkisi alifumba macho. Kwa mara ya kwanza nilimwona ameogopa, na nikafahamu uzito wa nilichokifanya. Nyumba ile ilikuwa na jina. Nilikuwa nimelikanyaga kwa viatu.

"Mama," Shekhan alisema. "Huyu si mgeni. Huyu ni shemeji yangu."

"Tangu lini?"

"Tangu Pasaka. Tuliahidiana."

"Nami sikuambiwa."

"Nilikucha, Mama, nilikuogopa. Ningali nakucha. Lakini nikinyamaza leo, nitanyamaza maisha yangu yote, na huyu atapanda motaboti kesho, na mimi nitabaki hapa nikiwa mwana mwema usiyetaka kumtazama."

Nilimwona Bi Mwanamkisi akipima. Alimtazama Bi Tima, alinitazama mimi, akaitazama asumini sakafuni. Sikuhitaji kueleweshwa. Kijana wa mbali akivamia wanawake ndani, ni fedheha ya miaka. Shemeji mpumbavu kutoka bara akikosea mlango, ni kicheko cha wiki moja. Lakini hilo pekee lisingemtosha mwanamke yule. Angeweza kuibeba fedheha kichwani na kupita nayo sokoni. Alinisogelea mpaka nikanusa udi kwenye leso yake.

"Ulidhani tunamfanyani?"

"Bwana Mselem alisema kuna msichana wa Kiunga aliingia asitoke."

"Msichana wa Kiunga ndiye huyo uliyemfanya aangushe bakuli. Ameolewa na mwana wa dada yangu. Ana watoto wawili." Aliinua sauti kidogo kuelekea ukumbini. "Mselem, nitasema nawe baadaye." Bakora ukumbini ikanyamaza. "Nawe ukadhani twamla dada yako, ukaingia peke yako."

"Ndiyo, Bi."

"Ulikuwa na silaha gani?"

Nilifikiri kwa uaminifu. "Kipande cha mkate wa mofa," nilisema, kwa sababu bado nilikuwa nacho mkononi.

Kitu fulani kilipita kwenye pembe ya mdomo wake, kikaenda. Alimgeukia dada yangu.

"Mambo ya dini waniuliza watu, nami sina la kuwajibu. Wewe wasemaje?"

"Sijaamua, Bi," Roselyn alisema. "Sitaki kukudanganya ili nimpate."

"Nimekusikia. Sitamtia neno mdomoni mtu anayelia." Akamwambia Alawiya amalizie nywele za mgeni, kwa kuwa hawezi kukaa nusu. Kisha akanirudia mimi, na moyo wangu ukashuka mpaka kwenye soksi. "Tima, ukitoka hapa utawaambia watu kwamba shemeji wa Shekhan amefika. Wewe kijana, kesho utapanda motaboti. Dada yako nitakaa naye. Uende kwenu, ukamlete mama yako."

"Mama hatakuja, Bi."

"Mwambie Mwanamkisi wa Mkomani amsubiri. Mwambie sikubali, wala sikatai, mpaka nimwone yeye. Mtu wa kuvunja nyumba ameniletea. Sasa aniletee wa kuzungumza."

Nilikuwa nimeingia mle kumtoa dada yangu, na sasa natumwa nimwache. Nilimuuliza Roselyn, mbele ya wote, kama anataka kubaki. Hakumtazama Shekhan kabla ya kujibu, na hilo nililipenda.

"Naogopa, Phineas," alisema. "Lakini nitabaki. Nenda."

Asubuhi Shekhan alinisindikiza gatini, akitembea kando yangu. Kabla sijapanda alinishika bega akaniuliza mama yetu ni mtu wa namna gani. Nilimweleza kwa ufupi: jina lake Nerea, mjane wa mwalimu wa kanisa, hajawahi kupanda chombo chochote cha majini, na mara ya mwisho mtu kumpinga ilikuwa kabla ya vita vya Wajerumani. Shekhan aliivua kofia yake akaanza kuikung'uta.

Motaboti ikaondoka. Niliutazama mji ule wa kuta, uliokuwa umenitia hofu kuliko kitu chochote, ukipungua kidogo kidogo, na nikashangaa kwamba sikuuogopa tena. Juu ya paa moja nyuma ya nyumba za ufukweni palisimama wanawake watatu wenye buibui. Mmoja aliinua mkono. Sikujua ni yupi dada yangu, basi nikawapungia wote.

Kisha nikaketi nikaanza kutunga maneno ya kumwambia mama, nikijua kwamba nikikosea neno moja, Shekhan na Roselyn watakuwa wametazamana pale uani mara ya mwisho. Nilitunga mpaka tukaiona Mokowe. Nilikuwa nimepata maneno mawili tu, nayo yalikuwa yananitetemesha kuliko mlango wowote wa Lamu: "Mama, keti."